Sura za Mama Zetu wa Delta Zitundikwe

Ukitaka kujua watu wa nchi wanamheshimu nani, usisikilize hotuba zao peke yake. Tazama na kuta zao. Tazama sanamu zilizosimamishwa kwenye njia panda, picha zilizotundikwa maofisini, na majina yaliyoandikwa katika vibao vya barabara. Katikati ya mji wa Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya Askari, bunduki mkononi, kuwakumbusha wapitao habari za Waafrika waliopigana na kuchukua mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Hatuna neno juu ya sanamu hiyo. Lakini jeshi lile lilikula, na chakula chake kilitoka katika vijiji ambamo wanawake walilima, wakavuna na kutwanga. Hao hatuwaoni mahali popote pale, wala kwa shaba wala kwa jiwe.

Leo twapenda kuwaomba wasomaji wetu wafikirie jambo hili kwa habari ya Kiongoroni. Kiongoroni ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya Rufiji, pale ambapo mto ule mkubwa hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Humo umo msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa hekta zipatazo 50,000, ambao ni miongoni mwa misitu mikubwa kabisa ya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Barabara ya huko ni maji. Mtu husafiri kwa mtumbwi, kwa dau au kwa boti, na mara nyingi hana budi kungoja bamvua au kungoja maji yajae ndipo apite.

Walimwengu wakiitaja delta hii, mara nyingi huitaja kwa sababu ya meli. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huu mwaka 1914, ikashambuliwa na Waingereza, na mwezi wa Julai 1915 ikazamishwa humo humo. Mizinga yake ilitolewa majini ikaburutwa kwenda vitani nchi kavu. Mmoja umewekwa Mombasa penye Fort Jesus, na mwingine umewekwa Pretoria. Vitabu vimeandikwa juu ya meli hiyo, na wageni hupiga picha mbele ya mizinga hiyo. Meli ile ilikaa katika delta muda usiotimia mwaka mmoja. Wanawake wa delta wamekaa humo karne baada ya karne, na mpaka leo wakiikalia nchi hiyo na kuilisha. Je, ni haki chuma cha wageni kiwe na kumbukumbu kubwa kuliko watu wenyewe?

Wanawake hao ni nani? Ni yule mkulima wa mpunga ambaye msimu ukifika huhamia shambani na watoto wake, akakaa katika dungu lililojengwa juu ya nguzo, akiamia ndege mchana kutwa na kuwafukuza nguruwe usiku. Ni yule msukaji wa mikeka anayekata ukindu, akauanika, akauchemsha pamoja na rangi, akasuka ukili pima kwa pima, kisha akaushona ukawa mkeka ambao utatandikwa harusini na msibani, na hakuna atakayeuliza umesukwa na nani. Ni yule aingiaye majini hata kiunoni kutanda uduvi. Ni wale waliokwenda matopeni kupanda miche ya mikoko mahali palipokuwa pamekatwa. Ni mkunga aliyeamshwa usiku, akasikiliza kwanza maji kama yanajaa au yanakupwa, ili ajue kama mgonjwa wake atawahi kufikishwa zahanati au itampasa amhudumie pale pale.

Tena ni mjane. Watu wa Kibiti na Rufiji hawajaisahau miaka ya 2016 na 2017, wakati viongozi wa vijiji, askari polisi na wananchi wengine walipouawa, na hofu ikaingia katika kila nyumba. Waliozikwa walitangazwa magazetini. Walioachwa na watoto, wakaendelea kulima, kupika na kulipa ada za shule, hawakutangazwa. Na mafuriko makubwa ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, picha za watu waliosimama majini zilienea nchi nzima. Wengi katika picha hizo walikuwa akina mama, lakini walionyeshwa bila majina, kana kwamba kazi yao maishani ni kuhurumiwa.

Hapo ndipo lilipo shauri letu. Twasema kwamba vijiji vya Kiongoroni, na kata nyingine za delta zikifuata, vichague wanawake waliovitumikia, vichore sura zao, na kuzitundika hadharani pamoja na majina yao na matendo yao. Picha ya mtu bila jina humfanya kuwa kielelezo cha shida. Picha yenye jina, na chini yake maneno machache ya kueleza alifanya nini na mwaka gani, humfanya kuwa raia anayedai kukumbukwa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watu wa mjini, na kwamba historia hujiandika yenyewe. Haijiandiki. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, kusini ya Rufiji, watu watatu waling'oa mashina ya pamba ya Wadachi, na kitendo hicho kikawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Wawili walikuwa wanaume, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Wa tatu alikuwa mwanamke, jina lake Nantabila Naupunda. Jina hilo limetufikia kwa kuwa wazee wa Umatumbi walilihifadhi vinywani mwao, na kwa kuwa katika miaka ya 1960 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwauliza wazee hao wangali hai. Lau wangalichelewa miaka ishirini, tungalisoma kwamba pamba iling'olewa na wanaume.

Chukueni mfano wa pili, ulio karibu zaidi nasi. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa lelemama kabla ya kuwa mwanasiasa. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakuanza na matangazo ya karatasi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita wenzao, na katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Baadaye alikuwa Mbunge wa Rufiji, mpaka aliposhindwa katika uchaguzi wa 1965. Leo jina lake limo katika barabara kubwa ya Dar es Salaam, nasi twafurahi. Lakini wale 5,000 ni akina nani? Mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa na baadhi yao, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Katika kitabu hicho ameonyesha kwamba wanawake hao, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya shule, hawakuwa wafuasi tu wa harakati za uhuru. Walikuwa miongoni mwa waliozijenga. Wengi wa wenzao walikufa kabla ya kuulizwa swali hata moja.

Kwa hiyo jambo hili lina haraka yake. Bibi wa miaka themanini aliyeko Kiongoroni leo alikuwa binti wakati bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961. Aliyaona mafuriko ya zamani, akaona watu wa bonde la Rufiji wakihamishiwa vijiji vipya katika miaka ya mwisho ya 1960. Anajua ni mbegu gani ya mpunga ilistahimili maji ya chumvi, na nani alianzisha shule chini ya mwembe kabla ya kuja kwa mwalimu wa Serikali. Akiondoka pasipo kuulizwa, hayo yote yataondoka pamoja naye, na hapana mafuriko wala moto utakaohitajika kuyaangamiza.

Tunao mfano wa jirani zetu katika sanaa yenyewe. Mwaka 2009, katika mtaa wa Kibera mjini Nairobi, Mfaransa mmoja ajulikanaye kwa jina la JR alipiga picha za wanawake wa mtaa huo, akazikuza sana, kisha zikatandazwa juu ya mapaa ya nyumba zao. Zilifunika eneo la mita za mraba zipatazo 2,000. Macho ya wanawake hao yalibandikwa hata katika mabehewa ya gari la moshi lipitalo hapo, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati ya mteremkoni, hata gari lilipopita uso ulikamilika kwa kitambo kidogo. Jambo tunalolipenda zaidi katika kazi ile ni hili: picha za mapaani zilichapwa katika kitambaa kisichopitisha maji, kwa hiyo zilizuia mvua isiwavujie wenye nyumba. Sanaa ilipokuja kwa maskini, iliwafaa pia.

Hata hivyo si kila jambo la Kibera la kuigwa. Msanii yule alikuwa mgeni, na mgeni hana budi kuondoka. Sisi twataka kazi ya wenyeji, ichaguliwe na wenyeji, ichorwe na vijana wa wenyeji, na ibaki mikononi mwao. Wala tusidhani kwamba hakuna mafundi. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, alianza kuchora karibu na mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini namna yake ya kuchora imeenea duniani na imewapa riziki mafundi wengi. Alianza na ubao, kopo la rangi na brashi. Na katika Mkoa huu huu wa Pwani tunayo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako vijana hufundishwa sanaa. Wanafunzi wachache wakiletwa likizoni kwa boti kutoka Nyamisati, wakakaa vijijini na kuwafundisha vijana wa shule kuchora uso, kazi itaanza.

Twashauri kwamba sura hizo zichorwe juu ya mbao, si juu ya lipu ya ukuta. Ukuta wa delta huliwa na chumvi na unyevu, na maji yakipanda haubebeki. Ubao hutundikwa juu ya alama ya mafuriko, na siku ya hatari hushushwa ukatiwa katika mtumbwi pamoja na vitabu vya kijiji. Utundikwe pale watu wanapopita kwa shughuli zao: zahanati, shuleni, sokoni, na katika ofisi ya kijiji.

Sasa twaja kwenye mambo matatu ambayo yasipoangaliwa yataiharibu kazi yote.

La kwanza ni ridhaa. Asichorwe mwanamke yeyote bila kukubali mwenyewe kwa kinywa chake, na akikubali leo akakataa kesho, picha ishushwe. Katika nchi iliyopita katika hofu, uso wa mtu si kitu cha kutangazwa ovyo. Yuko mwenye sababu njema ya kutotaka kujulikana, naye asilazimishwe kuieleza. Kadhalika watu wengi wa delta ni Waislamu, na wako wazee na masheikh wasiopenda sura za viumbe zitundikwe. Hao wasibezwe. Waulizwe mapema, nao watakuwa na shauri. Mama asiyetaka uso wake uonekane aweza kutukuzwa kwa namna nyingine: achorwe mikono yake tu ikisuka ukili, au mkeka wake mwenyewe utundikwe na jina lake lishonwe ndani yake, au maneno yake yaandikwe kwa hati nzuri. Watu wa pwani walijua kumsifu mtu kwa maneno tangu zamani, kabla ya kuja kwa kamera.

La pili ni uchaguzi. Majina yapatikane katika mkutano mkuu wa kijiji, na kila jina litolewe pamoja na tendo linalojulikana na watu. Twasema wazi, na wanachama wenzetu watusikie: orodha hii isiwe ya wake za viongozi, wala ya wagombea wa uchaguzi ujao, wala ya watu waliotoa fedha za rangi. Diwani akitaka sura yake ionekane, anazo karatasi zake za kampeni. Siku watu watakapoona kwamba mama wa mwenyekiti ametangulizwa mbele ya mkunga aliyewapokea watoto wa nusu ya kijiji, watazigeuzia kisogo mbao zote, nao watakuwa na haki.

La tatu ni malipo ya kweli. Picha haimwondolei mtu deni lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na imeagiza kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Basi tusimtundike ukutani mama ambaye shamba lake la mpunga limechukuliwa na shemeji zake baada ya mumewe kufa, tukapiga makofi, kisha tukamwacha alie. Kila kijiji kitakachochora sura kijiulize kwanza kama viti vile vitatu vimejazwa na wanawake wanaosikilizwa, au na wanawake wanaoitwa kutia sahihi tu. Picha inayotundikwa juu ya haki iliyokanyagwa ni aibu kwa mchoraji na kwa mtundikaji.

Wako watakaotukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ni ya kweli kwa mgema anayesifiwa kila siku. Mama tunayemsema hajasifiwa hata mara moja katika miaka sitini, na tembo lake halijapata kutiwa maji. Tutumie methali nyingine ambayo wazee wameturithisha: mcheza kwao hutunzwa. Amecheza, tena kwa muda mrefu. Wa kumtunza ni sisi.

Wengine watauliza kama ukuta wa ofisi ya Serikali ni mahali pa picha ya mwanamke wa shambani. Tangu Machi 2021 picha ya mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan, imetundikwa katika ofisi za umma nchini kote. Kuta zetu zimekwisha kuizoea sura ya mwanamke aliye juu kabisa. Sasa zijifunze kuichukua sura ya yule ambaye kura yake na jasho lake vimewaweka wengine juu. Mtoto wa kike anayeingia ofisini humo kufuata cheti chake cha kuzaliwa ataona Rais, na kando yake atamwona bibi wa jirani yao. Naye atajua kwamba kati ya hao wawili iko njia.

Gharama si kubwa. Mbao, makopo machache ya rangi, brashi, nauli ya boti, na chakula cha vijana wachoraji: hayo yamo katika uwezo wa kijiji kilichoshikamana. Jumuiya ya wanawake yaweza kuandika masimulizi, kwa sababu mama hufunguka zaidi anapoulizwa na mama mwenzake. Walimu waweza kuyasahihisha na kuyaweka nakala shuleni. Matawi ya Chama yaweza kuchukua mizigo na kusimamia uchaguzi uwe wa haki.

Na ninyi wafanyakazi wa mijini, mlio bandarini, viwandani, katika magari na masokoni Kariakoo, ambao kwenu ni Kiongoroni, Mbuchi, Msala, Maparoni au Salale: wengi wenu mlipanda boti mkiwa na nauli iliyotokana na mkeka uliosukwa na mama, au na gunia la mpunga alilolilinda yeye juu ya dungu. Mtakapokwenda nyumbani kwa sikukuu ijayo, chukueni kopo moja la rangi pamoja na zawadi mnazozichukua siku zote. Chukueni pia daftari. Kaeni na yule bibi jioni, mwulizeni jina lake kamili na la mama yake, mwaka aliozaliwa, na kazi aliyoifanya ambayo hakuna aliyemshukuru. Mwandike kila neno kama alivyolisema.

Vijiji vya delta vimezoea kungoja maji yajae ndipo chombo kipite. Katika jambo hili tusingoje. Wazee wetu wanapungua kila msimu, na mkutano wa kijiji wa mwezi ujao watosha kuanza: majina matatu, mbao tatu, na vijana wenye mikono mizuri. Hayo yakifanyika Kiongoroni, sisi tutafurahi kuyatangaza majina hayo katika ukurasa huu, moja baada ya jingine, na kila jina pamoja na kazi ya mwenyewe.